Vitz ya Buswelu na Jina la Marehemu

Mwezi uliopita nilinunua gari. Nalileta jambo hili hapa, mahali ambapo kwa kawaida tunajadili katiba, chaguzi na bajeti, kwa sababu ununuzi huo ulinipeleka kwenye nyaraka, na nyaraka zikanipeleka kwenye historia ambayo sikuitarajia. Gari lenyewe ni Toyota Vitz, ile ambayo vijana huiita "Baby Walker" kwa udogo wake, rangi ya fedha, namba B. Nililikuta Buswelu, mwendo mfupi kwa miguu kutoka ofisi za Manispaa ya Ilemela, limeegeshwa chini ya mwembe mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Kwenye kioo kulibandikwa karatasi yenye neno moja, INAUZWA, na namba ya simu ya dalali.

Dalali alisema yale wanayosema madalali wote: injini haijawahi kufunguliwa, gari lilikuwa la mtu mzima mwenye heshima zake, safari zake ni nyumbani na kanisani. Fundi niliyekwenda naye hakumsikiliza. Alichomoa stiki ya oili akainusa, akawasha gari akasimama nyuma kuutazama moshi, kisha akalala chali na kuingia chini ya gari kwa dakika kama kumi. Alipotoka alifuta mikono kwenye suruali na kusema: "Mwalimu, injini ni nzima. Shokapu za mbele zimekwisha na bushi zimekufa. Hilo si kosa la gari, ni kosa la Buswelu." Anayezijua njia za mitaa yetu, zilizopita juu ya miamba tangu kabla ya mtu yeyote kufikiria kuzichonga, hatadai maelezo zaidi.

Wakati fundi yuko chini, mimi nilifanya kazi niliyosomea. Gari lililotoka Japani ni faili lenye kurasa nyingi, na watu wengi wanazing'oa kurasa hizo kwa wembe siku ya kwanza. Bahati nzuri wamiliki wa gari hili hawakuzing'oa. Juu ya kioo cha mbele palikuwa na kibandiko cha mraba chenye namba 22 na namba 3. Hiyo 22 ni mwaka wa 22 wa Heisei, yaani 2010, na 3 ni Machi: mwezi ambao kibali cha ukaguzi cha Kijapani kiliisha muda wake. Kwenye kioo cha nyuma palikuwa na kibandiko cha duara, ushahidi kwamba mmiliki wa kwanza aliwathibitishia polisi wa mji wake kuwa anayo sehemu ya kuegesha. Na gari lilipowashwa, sauti ya mwanamke ilitoka kwenye kifaa kidogo chini ya usukani, ikasema sentensi moja ya Kijapani kwa adabu kubwa. Mwenzangu wa chuoni aliyesoma Japani aliniambia baadaye kwamba mama huyo anaarifu tu kuwa kadi ya kulipia barabara za mwendo kasi haijaingizwa. Amekuwa akitoa taarifa hiyo kwa wakazi wa Ilemela kwa miaka kadhaa sasa, kila asubuhi, bila kukata tamaa.

Kisha nikaomba kadi ya gari. Gari limetengenezwa 2001, ujazo wa injini ni sentimita za ujazo 997, limesajiliwa nchini 2010. Jina la mmiliki halikuwa la muuzaji. Muuzaji, kijana mfanyabiashara wa Nyakato, alikuwa na mkataba wa mauziano kutoka kwa mwalimu mmoja wa sekondari. Mwalimu naye alikuwa na mkataba wake kutoka kwa mtu aliyeandikwa kwenye kadi. Mikataba yote miwili ilikuwa na mihuri ya mawakili. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kubadilisha umiliki. Nilipouliza mwenye kadi anapatikana wapi, kijana alitazama pembeni. "Yule mzee alishatangulia mbele za haki."

Sikuondoka. Labda ningeondoka kama nisingekuwa mwanahistoria, maana kila mtu mwenye akili timamu aliniambia nitafute gari jingine. Lakini jina la marehemu kwenye kadi ya gari linalotembea liliniuliza swali ambalo naona linatuhusu sisi sote tunaoishi kwa mshahara: gari binafsi katika nchi hii limekuwa mali ya nani, na kwa ruhusa ya nani?

Tuanzie mbali kidogo. Hapa Mwanza, mji ulioanzishwa na Wajerumani 1892 na kufikiwa na reli 1928, chombo cha moto kilichokuwa na maana kwa watu wengi kilikuwa lori. Usukumani ni nchi ya pamba, na pamba husafiri kwa marobota. Vyama vya ushirika vilipoungana 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya Paul Bomani, fahari ya mkulima ilikuwa kuona mali yake inapimwa na kubebwa na chombo ambacho na yeye ana sehemu ndani yake. Gari dogo la abiria wanne lilikuwa jambo la watu wengine: ofisa wa wilaya, daktari, mmisionari, mfanyabiashara wa Kihindi. Msukuma mwenye uwezo alinunua baiskeli, na baiskeli hadi leo haijapoteza hadhi yake vijijini. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi wilayani Magu, alistaafu na Phoenix yake, na sikumbuki hata siku moja alipozungumza juu ya kununua gari. Halikuwa jambo la kuwaza.

Uhuru ulibadilisha abiria kuliko ulivyobadilisha gari. Waafrika walioshika nafasi za wakoloni walirithi pia vyombo vya nafasi hizo, na lugha yetu, ambayo haichelewi kumpa mtu jina, ikawaita "wabenzi". Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, na kwa hasira iyo hiyo akaukata mshahara wake na wa viongozi wakuu kwa asilimia 20. Tunalikumbuka tukio hili kama ugomvi wa serikali na wanafunzi, nami hulifundisha hivyo. Lakini ndani yake kulikuwa na hoja juu ya kiwango cha maisha ambacho msomi wa nchi maskini ana haki ya kukidai. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Masharti ya uongozi yalikataza hisa, ukurugenzi katika kampuni binafsi, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Gari halikutajwa. Wanafunzi wangu hushangaa ninapowaonyesha hilo, kwa kuwa wamekulia katika simulizi kwamba Ujamaa ulikataza magari.

Haukukataza, uliyafanya yaombwe. Fedha za kigeni zilikuwa chache na Benki Kuu ndiyo iliyoamua nani azipate. Uagizaji wa magari ukawa kazi ya shirika la umma, State Motor Corporation. Kati ya raia na gari kukawa na fomu, na nyuma ya fomu kukawa na ofisa, na nyuma ya ofisa kukawa na ofisa mwingine anayemjua. Magari yaliyokuwa barabarani yalibeba herufi za ST kwa serikali au SU kwa mashirika ya umma, na mtu aliyeendesha alikuwa kwa kawaida anaendesha cheo. Magari binafsi yaliyokuwapo, Peugeot 504, Datsun na Volkswagen, hayakuruhusiwa kufa. Mafundi wa zama zile ndio walimu wa walimu wa fundi wangu wa Buswelu: walijifunza kuitoa spea ya gari moja na kuifanya ikubali kuishi katika gari jingine.

Kisha ikaja vita ya Kagera, na Mwanza ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kwenda kubeba askari. Machi 1979 ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Idi Amin ililenga maghala ya mafuta ya Mwanza, ikakosa, na mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Wazee wa mji huu hulisimulia tukio hilo wakicheka, japo kilichokusudiwa kuteketezwa siku ile ni petroli ya kanda nzima ya ziwa. Baada ya vita tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Mikanda ilikaa imefungwa muda mrefu zaidi. Mafuta yalikuwa ya mgawo. Magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana, na aliyekuwa na mgonjwa au msiba alipaswa kuwa na kibali. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini nadhani ndipo dola ilipofika mbali kuliko wakati wowote katika kuliambia gari la mtu lini litoke nyumbani kwake.

Mlango ulifunguliwa kidogo kidogo, na haukufunguliwa na yule tunayemsifu kwa kuufungua. Tunapenda kusema Mzee Ruksa ndiye aliyeleta magari. Ukweli ni kwamba ruhusa ya kuagiza bidhaa kwa fedha za mtu mwenyewe, bila kuulizwa alizipata wapi, ilitolewa katika bajeti ya Juni 1984, Nyerere akiwa bado Ikulu na Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo watu walikuwa wanakamatwa kwa uhujumu uchumi kwa sababu ya sabuni na khanga. Sijui mfano mwingine katika historia yetu wa serikali kugeuka kwa kasi kama ile. Pikapu zikawa alama ya kipindi hicho. Ali Hassan Mwinyi aliingia Novemba 1985, makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yakafuata 1986, Azimio la Zanzibar likalegeza masharti ya uongozi 1991, na 1992 maduka ya kubadilishia fedha za kigeni yakafunguliwa. Kuanzia hapo mtu aliyetaka dola aliinunua dirishani kwa bei iliyoandikwa ubaoni. Fomu ya kuomba gari haikufutwa kwa sheria yoyote maarufu, ilikosa kazi.

Kwa upande mwingine wa dunia, nchi ambayo haikuwa ikitufikiria hata kidogo ilikuwa inatuandalia shehena. Sheria ya Japani ya 1951 juu ya magari ya barabarani inalitaka kila gari lipitie ukaguzi: dogo jipya baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na hadi 1995 gari lililovuka miaka 10 lilikaguliwa kila mwaka. Ukaguzi huo ni wa gharama, na gharama huongezeka gari linapozeeka. Ongeza sharti la tangu 1962 la kuthibitisha sehemu ya kuegesha, ongeza na viwanda vinavyotoa toleo jipya kila baada ya miaka michache, na utaelewa kwa nini Mjapani huona gari zima lenye miaka 9 kama mzigo. Vitz yangu inaeleza yenyewe. Imetengenezwa 2001: ukaguzi wa kwanza 2004, kisha 2006, kisha 2008. Machi 2010 zamu ikawadia tena, na mwenye gari akaamua kutolipa. Uamuzi wa mtu mmoja asubuhi moja mbele ya karatasi ya gharama ndio uliolileta gari hili Buswelu.

Mengine ni bahati ya historia. Japani huendesha upande wa kushoto. Sisi tukafanywa tuendeshe kushoto na Waingereza waliopewa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Usukani wa gari lao na barabara yetu vilikutana bila kupanga. Katika miaka ya 1990 magari mengi yalipitia Dubai, ambako wafanyabiashara wetu walikwenda kuyachagua kwa macho yao. Starlet ndiyo iliyotufundisha gari dogo. Toyota ilipoiacha 1999 na kuleta Vitz, ambayo Ulaya waliiita Yaris na kuipa tuzo ya gari la mwaka 2000, hakuna mtu Mwanza aliyeshangilia. Sisi tulikuwa tukiisubiri izeeke kwanza. Hali kadhalika IST ya 2002 na Passo ya 2004. Hata kigari cha mizigo cha Suzuki, kilichobuniwa kwa ajili ya vichochoro vya Kijapani, kilifika kwetu kikapewa jina la Kirikuu na kuanza kubeba matofali.

Na dola? Haikuondoka, ilihama. Ilitoka kwenye dirisha la kibali ikaenda kukaa bandarini. Mamlaka ya Mapato ilianza kazi Julai 1996, kodi ya ongezeko la thamani ikaanza 1998, ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki ukaja 2005. Hivi leo gari dogo linaloingia hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, na juu ya jumla hiyo hukaa ushuru wa bidhaa, na juu ya jumla ya hivyo vyote hukaa VAT ya asilimia 18. Ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,000 ni sifuri. Ikivuka hapo hadi 2,000 ni asilimia 5, na zaidi ya hapo asilimia 10. Hizo 997 za Vitz, basi, ni namba ya kisiasa. Lakini upo pia ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na 30 kwa lililovuka 10. Kenya iliamua kukataza yaliyovuka miaka 8, Uganda ikaweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Sisi hatukukataza. Tuliyaruhusu magari makuukuu yaingie kwa sharti la kulipiwa faini ya ukuukuu wake, na anayeilipa ni yule asiyeweza kununua jipya. Nimewahi kusikia watu wa serikalini wakiuita utaratibu huu sera ya mazingira. Kwa maoni yangu, sera ya mazingira inayoongeza mapato kadiri inavyoshindwa inastahili jina jingine.

Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na badala yake zikaongezwa shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta, mafuta ya taa yakiwemo. Wenye magari tulishangilia kwa sababu tuliokolewa na usumbufu wa kibandiko cha kila mwaka. Bibi wa kijijini anayewasha kibatari alijumuishwa katika kutulipia, na sikumbuki kama yupo miongoni mwetu aliyeandika makala.

Sasa turudi Buswelu, maana msomaji ataniuliza: kwa nini mhadhiri anayelalamika hivi amenunua gari? Halmashauri ya Ilemela ilipoanzishwa 2012 na makao yake yakawa Buswelu, eneo ambalo wengi tulilijua kwa mashamba na mawe likawa la viwanja vilivyopimwa. Watumishi tulinunua, tukajenga polepole, tukahamia kabla ya madirisha. Ofisi zilikuja, maji yakaja kwa awamu, lami ikaja kwenye barabara kuu. Usafiri wa umma haukuja kama mpango. Ulikuja kama bodaboda na daladala, yaani ulikuja kama biashara ya mtu anayejaribu bahati yake. Dar es Salaam ilipata mabasi yaendayo haraka Mei 2016. Mwanza, kwa wingi wa watu wake, inategemea uamuzi wa kondakta kwamba gari limejaa. Mtumishi anayetakiwa kazini saa moja na nusu hufanya hesabu, huenda benki, hukopa hadi pale sheria inapotaka theluthi moja ya mshahara ibaki, na hununua Vitz. Wakosoaji vijana huita huko kuhamia tabaka la wanyonyaji. Nawaheshimu, ila naomba waje wasimame Buzuruga saa kumi na mbili na nusu jioni mvua ikinyesha. Nionavyo mimi, kila Vitz inayotoka Buswelu asubuhi na dereva peke yake ndani ni mkopo ambao raia amechukua binafsi ili kufanya kazi iliyopaswa kufanywa kwa pamoja. Na kwa kuwa kila mwenye sauti ameshajipatia yake, hakuna tena wa kuidai ile ya pamoja. Hapo nami nimo.

Nilimtafuta mjane. Kadi ilikuwa na jina, na mwalimu wa sekondari aliyenunua kwa marehemu alikumbuka nyumba, upande wa Kisesa. Nilikwenda Jumamosi asubuhi na kijana muuzaji, nikiwa na hofu ya mtu anayekwenda kuamsha msiba wa watu. Mama alitupokea kwa "mwangaluka" ya taratibu, akatupa viti, akasikiliza. Nilipotaja gari alinyamaza, kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia. "Yule mama bado anaongea?"

Marehemu alikuwa muuguzi katika kituo cha afya. Alilinunua gari 2010 kwa mkopo wa mshahara, akaulipa kwa miaka mitano. "Baba watoto alikuwa anamjibu kila asubuhi," mama alisema. "Anamwambia, nimekusikia mama, twende." Katika miaka hiyo mitano, alisema, hawakulala usiku wote hata wiki moja mfululizo. Mtaa mzima ulijua muuguzi ana gari. Mjamzito akishikwa uchungu, mlango wao ndio uligongwa. Mtoto akipata degedege, mlango ni uleule. Mafuta yalikuwa ya kwake, na aliyetaka kuchangia alichangia kuku. Aliliuza alipomaliza mkopo kwa sababu alikuwa amechoka kuliko gari lilivyochoka. Alifariki 2019.

Nikamweleza shida yetu. Kubadilisha kadi kunahitaji saini ya msimamizi wa mirathi, na usajili wenyewe una gharama zake: shilingi 50,000 za uhamisho, 10,000 za kadi mpya, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei. Si fedha za kumshinda mfanyabiashara wala mwalimu, na wote wawili walikiri hivyo. Waliniambia tu kwamba hawakuona ulazima. Gari lilikuwa mikononi mwao, mkataba ulikuwa kabatini, na nani anaangalia kadi? Jibu hilo nimelisikia pia kwa majirani zangu wa Buswelu waliojenga nyumba za ghorofa juu ya viwanja wanavyovimiliki kwa barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kizazi cha baba yangu hakikuweza kupata mali bila karatasi ya serikali. Sisi tumepata mali na tunaikwepa karatasi. Katika hali zote mbili ni dola ileile, isiyoaminika kuwa ipo kwa ajili ya kumlinda mwenye mali.

Mama ndiye aliyekuwa msimamizi wa mirathi, na alikuwa amehifadhi kila kitu kwenye bahasha ya kaki: muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya mahakama ya mwanzo, cheti cha kifo. Alikubali kusaini. Alikataa fedha nilizomwekea mezani, kisha mwanawe mkubwa alipoingia na kuelezwa, akazipokea yeye kwa niaba yake, kwa utaratibu uliotuokoa sote na aibu.

Kabla ya uhamisho ilibidi madeni ya gari yasafishwe, kwa hiyo niliingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa faini za barabarani nikiwa nimekaa palepale sebuleni. Zilitokea tatu, kila moja shilingi 30,000: mwendo kasi mara mbili, na mara moja kutosimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Mbili zilikuwa za 2021 na moja ya 2023. Kijana muuzaji alitazama sakafu. Mama aliomba simu, akavaa miwani, akasoma tarehe zote tatu kwa sauti ya chini, kisha akanirudishia bila neno.

Nililipa 90,000 kwa simu yangu. Mama aliomba nimtumie mwanawe risiti ili aichapishe. Nilipomuuliza ya nini, alisema ataiweka kwenye bahasha pamoja na zile nyingine, kwa kuwa mumewe aliishi miaka 61 bila kudaiwa na serikali na hataki aonekane alikufa na deni. Risiti ilitoka kwa jina lake.